Penseli Ukutani

Ingia na matope yako, Zablon, viatu usivue.
Sikukuita kunywa chai, ingawa chai ipo.
Nimekuita uone ninachokiona
nirudipo kutoka zamu ya usiku,
jua la Nyamasaria likipenya kwa upande
na kila kasoro ya plasta ikitoa kivuli chake.

Huu hapa. Ulianza mwezi wa tatu,
mwembamba kama uzi wa kushonea kidonda.
Nikauwekea alama ya penseli mwishoni, na tarehe,
kama tunavyochora mpaka wa uvimbe
kwenye mguu wa mgonjwa,
tujue kama dawa inashika.
Tarehe nne. Tarehe kumi na tisa. Pasaka.
Siku ile maji ya Auji yalipofunga barabara.
Sasa shilingi kumi inaingia na kusimama wima.

Na mlango wa chumba cha nyuma, sukuma.
Kwa bega, Zablon.
Ulipoutundika ulifunga kwa kidole.
Bafuni maji yanakimbilia kona isiyo na shimo,
yanakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Mara ya kwanza ulimtuma kijana na kopo la fila.
Alipaka, akapiga msasa, akapaka rangi ya krimu,
akaniambia, "Mama, kwisha."
Wiki mbili ufa ukarudi, rangi ikining'inia mdomoni
kama mtoto aliyedokoa uji.
Mara ya pili ulisema uko Bondo,
nami nikasikia nyuma yako makondakta wakiita Kondele.

Methali ya ufa na ukuta usinitajie.
Ukuta nilishajenga. Ndio huu.

Asilimia kumi yako iko benki, sijaila.
Mkataba ulisema miezi sita, na haijaisha.
Sitaki korti. Nataka jembe.

Ulinyamaza. Kisha ukavua saa, ukamwita Were na sururu,
mkachimba kona ya mashariki,
ndani ya udongo mweusi wa Kano
unaoumuka mvua ikinyesha kama unga wa mandazi,
na kiangazi hupasuka ukameza kwato la ng'ombe.
Tukapima msingi: futi mbili na nusu.
Mchoro ulisema tano.

Nikakutazama, nikingoja uongo.
Ukaenda kwenye pikipiki,
ukarudi na daftari lenye harufu ya petroli,
ukafungua ukurasa wenye doa la chai.
Mwandiko wangu:
*Punguza msingi, pesa ziende kwa vigae vya sebuleni.*
Na sahihi yangu, mkia wa herufi ukiruka kwa furaha.

"Nilikwambia udongo huu haudanganyiki," ukasema.
Ukafuta jasho.
"Lakini nami nilipaswa kukataa."

Vigae vyenyewe tulikuwa tumevikanyaga asubuhi ile.
Vilikuwa viking'aa. Hata kimoja hakikuwa na alama.

Tuliketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani,
na chai ikaja hatimaye.
Tukaandika upya juu ya goti lako:
chuma na saruji ni vyangu, mikono ni yako,
Were alipwe kila jioni, nusu kwa nusu,
mlango na bafu ni deni lako peke yako
(hapo hukubishana),
na asilimia kumi itoke mvua za vuli zikipita.
Ukasaini. Nikasaini,
mkia wa herufi umelala safari hii.

Siku kumi na moja mlikuwa chini ya nyumba yangu
mkimimina zege, kipande kwa kipande,
nami nikilala mchana juu yenu,
nikisikia sepetu na minong'ono
kama mtu anayesikia madaktari nyuma ya pazia.

Leo ni Desemba, na pesa zako umepata.
Mlango unafunga kwa kidole.
Bafuni, haya, limebaki dimbwi la kumtosha shomoro.
Ufa umefungwa kwa waya na saruji,
lakini penseli nilikukataza kuipaka rangi.
Nikirudi kazini naipitishia kidole, tarehe kwa tarehe.
Baada ya ile ya mwisho
ni ukuta mtupu.
Nauangalia vivyo hivyo, kila asubuhi.
Mgonjwa akitulia
hatuachi kupima.